Robini Havai Tai

Koti lenyewe lilikuwa jekundu kiasi kwamba asubuhi ile dereva wa treni ya kutoka London alikanyaga breki kabla ya kufika, akidhani ni ishara ya kusimama. Msibishe, nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mbele ya stesheni ya Norwich, chupa ya chai kwapani, nikimsubiri Ned Larter afungue mlango wa basi lake dogo nikakalie kiti changu cha nyuma.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Oktoba na stesheni ilifurika. Mashabiki wa mpira walivaa njano na kijani wakiimba kabla timu yao haijapata nafasi ya kufungwa. Akina mama waliburuta masanduku juu ya vidole vya watu. Kijana mmoja alipiga gitaa kama analipiza kisasi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Ned, kiongozi wa safari zetu za kutazama ndege, mrefu, mwembamba, kichwa mbele kidogo kama korongo anayewaza samaki, ameinua kibao chenye picha ya bata bukini. Kofia yake ilikuwa rangi ya matope. Jaketi matope, suruali matope, hata soksi. Sisi watazama ndege ndivyo tuvaavyo. Tukijilaza ufukweni mtu anaweza kutukanyaga akidhani ni mwani.

Umati ukapasuka, na koti jekundu likatokea.

Ndani yake alikuwamo Bryony Gotts, mshona nguo mwenye duka kwenye vichochoro vya mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele rangi ya shaba zimefungwa kwa utepe wa kupimia nguo maana alisahau kibanio. Koti alilishona mwenyewe: sufu nzito, kiuno kimebanwa, vifungo vya pembe, kola imesimama kama ya malkia aliyeudhiwa.

"Wewe ndiye mtu wa mabata?" akamuuliza Ned.

Ned akafungua mdomo, akasahau alichotaka kusema, akaufunga, akaanza upya. "Samahani, dada. Hilo koti ndege wataliona tangu Denmark."

"Vizuri. Basi hawatapata shida kunitafuta."

Akaeleza kwamba shangazi yake, Hester, alikuwa amelipia Jumamosi zote za Oktoba, na sasa nyonga imemgomea. Kamtuma yeye akalie kiti, na kampa masharti mawili: asisinzie, na asikubali kukaa na mtu anayeitwa Catchpole.

"Catchpole ni mimi," sauti ikatoka ndani ya basi.

Huyo ni Clement Catchpole, aliyekuwa akiuza nyumba enzi zake. Ana darubini ya miguu mitatu inayoweza kusoma gazeti mwezini, na hajawahi kukosea, kwa mujibu wa taarifa zake mwenyewe. Bryony akamsalimu kwa heshima zote, akapita, akaja kukaa nyuma karibu yangu. Ned alipokuwa akirekebisha kioo cha dereva, akakirekebisha mara nyingi mno. Nilipogeuka kuona anatafuta nini barabarani, hakukuwa na kitu nyuma isipokuwa mimi na koti.

Pwani yetu ya kaskazini ya Norfolk, vuli ikifika, inakuwa kama njia panda ya dunia nzima. Ndege wanashuka kutoka Aislandi, wanavuka kutoka Norwei, na upepo wa mashariki ukivuma siku kadhaa hata wa Siberia wanatupwa kwetu, wamechoka, hawajui wako wapi. Upepo huo hauna adabu. Mwaka mmoja ulimvua mchungaji wa Cley meno ya bandia katikati ya zaburi, yakaokotwa Uholanzi.

Ned alikuwa na utaratibu wake: mgeni kwanza. Ndege akitokea, yeye haangalii mpaka kila mtu kikundini ameona. Nimemshuhudia akishikilia darubini kwa ajili ya bibi kizee mmoja hadi ndege akaondoka zake, na Ned mwenyewe hakumwona hata ukucha. Kwa Bryony alikuwa na tatizo jingine. Koti. Alimtolea jaketi la akiba, la matope. Bryony akalinyoosha kwa mkono mmoja, akalitazama mishono, akamrudishia, akasema bora aonwe na ndege kuliko aonwe ndani ya kile kitu. Basi Ned akamwomba atembee nyuma yake, mgongo umzibe. Akatembea hivyo mchana kutwa, kwenye matope yanayonuka chumvi, kando ya mifereji ambayo bahari huijaza na kuimwaga, hatua moja nyuma ya ule mgongo. Na mgongo wa mtu ukiutazama kutwa nzima unaanza kuufahamu.

Jioni, jua likiwa limeshika mpaka wa maji, mabata bukini wakaingia. Walikuja kwa maelfu, mistari juu ya mistari, wakibishana angani kama ukoo mzima uliopotea njia na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Bryony alikuwa na kipande cha mkate wenye nyama ya kaa mkononi. Kikaanguka. Akamshika Ned mkono wa jaketi, na alipouachia mkono ule sikumbuki, maana nilikuwa nimeokota mkate.

Kuna jambo moja la kwetu inabidi niliseme hapa, maana ndilo lililozaa balaa. Mtu akidai ameona ndege adimu peke yake, anaulizwa. Ulikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi? Ulimtazama kwa muda gani? Alama zake zipi? Na mwisho kabisa, siku zote, swali moja: haiwezekani akawa ndege mwingine wa kawaida? Asiyeweza kujibu anaitwa mzushi, na jina hilo halifutiki hata kwa kufa. Siku ileile ya kwanza Catchpole alidai ameona shakwe wa aina ya pekee, Ned akamuuliza maswali yote mpaka la mwisho, na Catchpole akavimba kwa furaha kama maandazi.

Mimi nilisema nimemwona pelikani juu ya paa la kanisa la Sheringham. Ned akasema, "Sawa, Mzee Bunn," akanimiminia chai.

Kila Ijumaa jioni Ned huwapigia simu wasafiri wake kuwaeleza hali ya hewa na nguo za kuvaa. Mimi yangu huchukua muda wa kuchemsha yai. Ya Bryony, Ijumaa ile iliyofuata, ilianza anakata viazi na ikaisha viazi vimeota. Shangazi Hester, anayeishi chumba cha juu ya duka na ambaye masikio yake hayana ugonjwa wowote, ndiye aliyenipa maneno.

"Kesho kutakuwa na manyunyu," Ned alisema. "Vaa kitu cha rangi tulivu."

"Tulivu kama nini?"

"Kama matope."

"Mtu wa mabata, unanipigia simu Ijumaa usiku kuniambia nifanane na matope? Wenzako huwa wanasema ua."

"Ua lina rangi kali mno."

Bryony akacheka mpaka akashika shingo, ndiyo tabia yake akicheka. Kesho yake akaja na koti lilelile, ila amelishonea upande wa ndani kitambaa cha kahawia iliyofifia, akaligeuza. Nje matope, ndani moto. Alipopanda ngazi ya basi akafungua kifungo kimoja, akamwonyesha Ned wekundu kidogo tu, akafunga. Ned akawasha gari, likazimika. Akawasha tena, likazimika. Catchpole akauliza kama betri imekufa. Nikamwambia betri ndiyo kwanza imezaliwa.

Wakawa hivyo. Katikati ya wiki Ned alianza kupata sababu za kuja mjini: kifungo kimelegea, mfuko umetoboka, na kifungo kilekile kimelegea tena. Walikula viazi vya kukaanga sokoni, vimelowa siki, wamesimama, mabega yamegusana. Alimfundisha sauti za ndege kwa kupiga mluzi katikati ya watu, naye akamfundisha kutofautisha sufu na uongo wa kiwandani kwa vidole tu, macho yamefumbwa. Na jioni moja kwenye simu, Bryony alimweleza lile ambalo hakumwambia mtu mwingine.

Aliolewa miaka sita. Mume hakuwa mlevi wala mpigaji. Alikuwa mtu wa kuuliza. Ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, kwa nini umechelewa, una uhakika, haikuwa hivi kweli? Kila siku, kila jambo, hata bei ya maziwa. Mwisho Bryony akawa anajiuliza mwenyewe kama kweli ameyanunua.

"Sitaki makubwa, Ned," alisema. "Nataka mtu mmoja tu duniani ambaye nikimwambia jambo, anasema sawa."

"Nimesikia," Ned akajibu. "Mimi nitakuwa huyo."

Alimaanisha. Lakini mtu hajui ahadi yake ina uzito gani mpaka siku atakayoambiwa aibebe.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tulikwenda Wells, kwenye msitu wa misonobari nyuma ya vilima vya mchanga. Upepo wa mashariki ulikuwa umevuma tangu katikati ya wiki na sasa manyunyu yamelala juu ya kila kitu. Hali ya hewa ya namna hiyo, mtu wa kawaida anafunga madirisha. Sisi tunatetemeka kwa matumaini. Ned alikuwa na ndege mmoja aliyemsubiri tangu ana meno ya utoto: Koo-Yakuti, ndege mdogo wa Siberia, kahawia mwili mzima isipokuwa chini ya kidevu, ambako Mungu kamtia tone la wekundu usiofanana na kitu. Ndoto za Ned usiku zilikuwa za huyo, mpaka Oktoba ile zilipoanza kuwa za mtu mwingine.

Kikundi kilikuwa kimetangulia. Bryony alibaki nyuma kidogo kuvuta soksi, karibu na kichaka cha miiba ya beri. Kisha tukasikia sauti yake, ya chini, ya kushangaa.

"Ned. Kuna ndege hapa amevaa tai."

Watu wakacheka. Ned hakucheka. Alirudi upesi, lakini kichaka kilikuwa kimya, jani moja tu likitikisika.

"Tai ya rangi gani?"

"Nyekundu. Kama hariri mpya."

Uso wa Ned ukaisha damu. Kikundi kizima kikakusanyika. Na yeye, kwa sauti ileile anayowauliza wote, akaanza.

"Umbali?"

"Kama kutoka kwenye cherehani yangu hadi mlangoni."

"Mwanga?"

"Nyuma yangu."

"Kwa muda gani?"

"Wa kutunga uzi kwenye sindano. Mara moja, bila kukosea." Alikuwa bado anatabasamu.

"Hiyo tai inaishia wapi?"

"Hapa tu, chini ya kidevu. Imekatwa safi, haijamwagika kifuani. Pembeni ina pambizo mbili nyeupe, na nyusi nyeupe pia."

Catchpole akakohoa. Akasema ni robini, yule mwenye kifua chote chekundu wa kwenye kadi za Krismasi, kila bustani anaye. Mvua, majani, msisimko, na mama mwenyewe anapenda sana vyekundu. Wawili watatu wakaguna kukubaliana. Basi Ned akauliza swali la mwisho, kwa sababu bila hilo majibu yote ya mwanzo hayasimami.

"Haiwezekani akawa robini?"

Tabasamu likazimika kama taa.

"Robini havai tai," Bryony alisema polepole. "Robini kavaa fulana." Kisha, kwa sauti ambayo nadhani alitaka iwafikie wawili tu, "Nilidhani wewe hutauliza."

"Ni lazima niulize, Bryony."

"Najua. Na yule naye ilikuwa lazima."

Tulikitazama kile kichaka mpaka saa ya kuondoka. Akatoka robini. Wakatoka robini wengine. Catchpole alimhesabia Bryony kila mmoja kwa sauti. Njiani kurudi Bryony alikaa kiti cha mbele kabisa, uso dirishani, na tulipofika stesheni akashuka akaingia katikati ya watu, kahawia ndani ya kahawia, na kwa mara ya kwanza hakuonekana alikokwenda.

Usiku ule Ned alipiga simu ikaita weee. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Bryony."

"Unataka kujua miguu yake ilikuwa ya rangi gani?"

"Nataka kujua kama umefika salama."

"Nimefika. Umbali mkubwa, mwanga hafifu, shahidi ni mmoja. Andika haijathibitishwa." Akakata. Baada ya hapo simu ya Bryony ikawa kama ya marehemu.

Sasa sikilizeni Ned alichofanya, maana hakumwambia hata Bryony. Watazama ndege wa nchi nzima tuna mtandao wetu wa habari. Ndege adimu akionekana, simu zote zinalia pamoja, na watu wanaacha chakula mezani. Kiongozi hutangaza alichokiona kwa macho yake. Jina lake ndilo duka lake. Usiku uleule Ned akatangaza hivi: Koo-Yakuti, Wells, kichaka cha beri nyuma ya misonobari. Ameonwa na Bryony Gotts. Mimi sikumwona. Yeye kamwona, inatosha. Ned Larter.

Kulipokucha magari yalikuwa yamejaa hadi barabara kuu. Wametoka Wales, wametoka Scotland, mmoja katoka kwenye harusi yake mwenyewe na ua bado kifuani. Walikizunguka kile kichaka kama wanazika mtu. Mvua ikawanyeshea siku ile na iliyofuata. Walichokiona ni robini. Mtu akaanza kuimba wimbo wa Krismasi, wenzake wakaitikia. Walipomaliza kuimba wakamgeukia Ned, wakamwambia mambo ambayo mimi, niliyekuwa tarishi miaka yote na kutukanwa na mbwa wa kila aina, sikuwahi kuyasikia. Waliokuwa wamejiandikisha safari zake za Novemba wakajiondoa. Kwenye mtandao wakampachika lile jina. Mzushi.

Kila asubuhi Ned alirudi kusimama mbele ya kichaka.

Bryony hakujua lolote, maana kwenye mtandao wetu hayumo. Aliyemletea habari ni jamaa wa Bristol aliyeingia dukani kwake akisubiri treni, jaketi limepasuliwa na miiba. Akavua, akampa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kulalamika kama mtu aliyelipia. Kavuka nchi nzima kwa sababu ya mpumbavu mmoja wa hapa, Larter. Unajua kilichotokea, mama? Kapenda mwanamke. Mwanamke kaona robini, kasema ni Koo-Yakuti, na huyu bwana kaweka jina lake chini yake. Hakumwona. Kasema wazi hakumwona. Yeye kamwona, inatosha, ndivyo alivyoandika. Nani anaandika hivyo? Kamaliza kazi yake mwenyewe.

Cherehani ikasimama.

"Kaandika hivyo lini?" Bryony akauliza.

"Usiku uleule. Na mpaka leo kasimama pale kama mlingoti."

Alimaliza jaketi, akamkunjia vizuri, akakataa malipo. Jamaa akashukuru mpaka mlangoni. Shangazi Hester anaapa kwamba jamaa alipofika Bristol aligundua jaketi halina hata mfuko mmoja unaofunguka. Yote imeshonwa, mshono mdogomdogo, wa kitaalamu. Bryony anakana. Mimi namwamini Hester.

Kesho yake nilikuwa Wells, nimeketi juu ya gogo na chupa yangu. Hakukuwa na mtu mwingine ila Ned. Ndevu zimeota, midomo imekuwa ya buluu. Nilikuwa nimemsihi aende akale samaki wa moto, akasema baadaye, kama alivyosema jana yake. Nikageuza kichwa kwa sababu ya ule wekundu.

Alikuja kwenye njia ya mchanga katikati ya misonobari, koti limegeuzwa upande wake wa kweli, vifungo vyote vimefungwa, kola imesimama. Viatu vyake vya mjini vilikuwa vimekwisha. Ned alimwona akavua kofia, akabaki ameishika kama ombaomba.

Hawakusalimiana. Nikaona nisaidie.

"Jamani, jana jioni nimemwona pelikani tena," nikasema. "Safari hii alikuwa na mkewe."

"Sawa, Mzee Bunn," Ned akasema, na mkono wake ukaenda kwenye chupa ya chai wenyewe.

Bryony akanitazama. Akamtazama yeye. "Humuulizi?"

"Kumuuliza nini?"

"Umbali. Mwanga."

"Mzee Bunn?" Ned alishangaa kweli. "Nimuulize ya nini?"

"Hajawahi kuniuliza hata swali moja, binti yangu," nikasema. "Tangu nimjue. Pelikani wote wale."

Bryony akasimama pale, mvua inamtiririka, na niliona jambo hilo likimwingia taratibu, kama uzi unavyopita kwenye tundu: asiyeaminiwa haulizwi kitu, humiminiwa chai tu. Pale kwenye kichaka Ned alikuwa amemjengea ushahidi, jibu baada ya jibu, ili yeyote atakayekuja asiweze kuubomoa. Akaanza kucheka. Akashika shingo.

"Ungeniambia," akasema.

"Sikujua kama kuna watu wanaoulizwa kwa ubaya," Ned akasema. "Hapana. Nilijua, uliniambia. Nikasahau kwa sababu nilikuwa natetemeka. Nisamehe, Bryony."

"Na jina lako je? Wamekuita mzushi."

"Ulisema umemwona."

"Ungenisubiri nimthibitishe."

"Ulisema umemwona," akarudia, kama mtu asiyeelewa kinachoulizwa.

Bryony akamsogelea, akamfunga kifungo cha juu cha jaketi, kile kilichokuwa kikilegea kila wiki. Na hapo ndipo kichaka kilipotikisika.

Mwezi mzima tulikuwa tumemlaumu yule mwanamke kwa koti lake, kwamba linafukuza ndege mpaka Denmark. Mimi nawaambieni lile koti ndilo lililomtoa yule ndege. Alitoka kwa wivu. Aliruka juu ya tawi la beri, mkia juu, kifua mbele, akaona wekundu mkubwa kuliko wake umesimama kwenye himaya yake, akainua kidevu kutuonyesha wa kwake. Na ulikuwapo. Tone moja, limekatwa safi, pambizo nyeupe kulia na kushoto. Kiasi cha kutunga sindano mbili, labda tatu.

Ned hakutazama. Nusura nipige kelele. Alikuwa akimtazama Bryony kuhakikisha anaona.

"Nimeona," Bryony akamnong'oneza. "Mgeni kaona. Geuka, mjinga wee."

Akageuka. Sitaeleza uso wake. Ndege akatupa jicho moja zaidi, akazama kwenye miiba.

Kisha mkono wa Ned ukaenda mfukoni kwenye simu, maana ndege lazima atangazwe, ndiyo sheria yetu. Ukaishia njiani.

"Kuna jambo nataka kulitangaza kwanza," akasema. "Bryony, nataka tuoane."

Bryony akarudi nyuma hatua moja. Akakunja mikono juu ya lile koti, kichwa upande, kama Ned mwenyewe anavyofanya.

"Umbali?"

Ned akaelewa. Akajiweka sawa. "Mkono hadi mkono."

"Mwanga?"

"Leo mbaya. Lakini nilikuona mara ya kwanza stesheni, mwanga ulikuwa mzuri."

"Umenitazama kwa muda gani?"

"Oktoba nzima. Sijashiba."

"Alama?"

"Koti jekundu."

"Koti yeyote anaweza kuvaa."

"Alama za sindano kwenye kidole cha kushoto. Ukicheka unashika shingo. Ukisema jambo, ndivyo lilivyo."

Nilijua linalokuja, nikaacha kunywa chai.

"Na haiwezekani," Bryony akauliza, "akawa mwanamke mwingine tu wa kawaida?"

"Hapana," Ned akasema. "Naweka jina langu."

"Basi imethibitishwa."

Chai yangu ikapoa mkononi nikiwa nimegeukia bahari kwa adabu. Muda mrefu.

Baadaye Ned alitangaza. Hakuja mtu; walikwisha kuungua mara moja. Usiku mawingu yakapasuka, nyota zikatoka, na ndege akaendelea na safari zake. Kamati ya ndege ya mkoa iliketi majira ya baridi, ikatazama mashahidi: mwanamume aliyepumbazwa na mapenzi, mshona nguo, na mimi. Ikaamua haijathibitishwa. Ned alicheka, akalikunja jibu lao, akaliweka chini ya mguu wa meza ya Bryony iliyokuwa ikiyumba.

Walioana wakati wa machipuko, mjini Norwich, Shangazi Hester akicheza muziki kwa nyonga mbili nzima kabisa, kana kwamba hazikuwahi kumgomea. Bwana harusi alivaa suti ya rangi ya matope, bitana nyekundu, na chini ya kidevu tai ya hariri aliyoshonewa na bibi harusi, imekatwa safi. Catchpole alikuwepo. Alimtazama Ned kwa muda mrefu, akameza mate, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli siku ile nilimwona yule ndege, na kama nilimwona, miguu yake ilikuwa ya rangi gani.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kuniuliza. Nilikaa vizuri kwenye kiti changu, nikamwambia: rangi ya chai yenye maziwa mengi.